Lori Lililofundishwa Kupuuza Majani

Mimi ni mkaguzi wa usalama katika yadi ya makontena, Changamwe. Kazi yangu ni kusema hapana. Nimeisema kwa forklifti zenye breki za kubahatisha, kwa kreni yenye waya uliochakaa, kwa madereva waliokuja kazini na macho mekundu, na mara moja kwa mkubwa mmoja aliyetaka kupita chini ya kontena linaloning'inia kwa sababu chai yake ilikuwa inapoa. Nikiwa sipo, madereva huniita Bi Hapana. Nikiwepo huniita mama. Sijali. Nina hasira za karibu na ulimi usio na breki, na naona afadhali nichukiwe kidogo kila siku kuliko nije nilaumiwe siku moja kwa maiti ya mtu.

Haya ninayoyasimulia yalitokea kwa sababu kuna siku nilisema ndiyo.

Yadi yetu imekatwa vipande viwili. Kipande cha juu ndiko makontena yanakoshushwa yakitoka bandarini, na kipande cha chini ndiko yanakofunguliwa. Katikati inapita barabara ya watu wote, inayotoka upande wa Magongo, penye shule ya msingi, na kuteremka kwenye nyumba na kanisa. Mama yangu anaishi huko chini, katika nyumba ile ile niliyokulia, ingawa mimi niliolewa nikahamia Mishomoroni. Barabara ile niliijua kwa nyayo zangu kabla ya kuijua kwa michoro ya kazini. Kutoka geti la juu hadi geti la chini ni kuvuka tu, hatua ishirini hivi, na hapo ndipo malori yetu yalipokuwa yakipita kutwa, yakiwasubiri wanafunzi, mikokoteni ya maji na akina mama wanaotoka sokoni.

Kisha kampuni ikaleta lori lisilo na dereva.

Halikuwa na usukani wala kiti. Mahali pa kichwa palikuwa na kisanduku bapa chenye kamera pande zote, na juu yake kidude kilichozunguka bila kuchoka, kikipima kila kilichokuwa mbele. Ubavuni lilikuwa na swichi kuu ya kuwashia na kuzimia, yenye funguo yake. Kila geti liliwekewa kitufe chekundu cha kulisimamisha kwa dharura. Wapakiaji wakalibatiza Jini siku hiyo hiyo. Mama yangu, ambaye ni kiongozi wa akina mama kanisani na hataki kusikia habari za majini, alikuwa akisema tu "lile gari lenu."

Lori lilikuja na fundi wake wa kompyuta, mtu wa bara, mpole, mwenye kipara na daftari asiloliacha hata akienda chooni. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na majivuno. Nilimtania Kiswahili chake na yeye akanitania buti zangu. Kwa miezi mitatu tulilijaribu lori pamoja, ndani ya yadi kwanza, kisha pale barabarani walinzi wakiwa wamefunga njia pande zote mbili.

Tulikuwa na sanamu ya kujaribia, iliyoagizwa ng'ambo: mwanamume mrefu mwenye suruali na viatu, mikono imelala ubavuni, uso hauna neno. Tukamwita Shemeji, maana alivaa vizuri na hakuwa na kazi. Tulimsimamisha Shemeji katikati ya njia, tukamweka pembeni, tukamvuta kwa kamba kama mtu anayekatiza ghafla. Tulimweka juani na kwenye mvua. Lori lilisimama kila mara. Nilikuwa nikisimama kando na kidole juu ya kitufe chekundu, jasho linanitoka, na sikukibonyeza hata mara moja.

Shida ilikuwa majani. Kando ya ukuta wetu kuna minazi, na kaskazi ikivuma makuti huanguka na mengine huning'inia yakicheza juu ya njia. Lori liliyaogopa. Kuti moja likilala chini, lori linasimama. Kuti likitikisika, linasimama. Nyasi zikiinama ukingoni, linasimama na kulia king'ora chake. Foleni ya makontena ilifika hadi barabara kuu. Wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba dereva mmoja mzee mwenye jicho moja angefanya kazi nzuri zaidi, na kwa mara ya kwanza nilikubaliana nao.

Fundi alijifungia siku mbili, akatoka anatabasamu.

"Madam, sasa iko sawa. Nimeifunza hiyo kitu. Ikiona majani, inajua ni majani tu. Inaendelea."

"Na ikiona mtu?"

"Mtu ni mtu. Inasimama."

Tukajaribu. Tulitandaza makuti njiani, lori likapita juu yake bila kusita. Tukamsimamisha Shemeji, lori likasimama. Makuti, likapita. Shemeji, likasimama. Nilifurahi. Nakumbuka nilipiga makofi, mimi ambaye sipigii makofi hata kwaya. Fomu ya cheti cha usalama ilikuwa na swali lililosema: Je, gari husimama mbele ya mtu? Nikaandika ndiyo. Nikatia sahihi chini, na tarehe, na muhuri wangu. Watu wa bima walisoma karatasi yangu, na waliotoa kibali cha kuvuka barabara nao wakaisoma. Hakuna aliyesimama kando ya ile njia kuuliza swali la pili, na mimi, niliyelipwa kuuliza la pili na la tatu, nilikuwa nimeridhika.

Likabaki jambo la wenyeji. Chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule. Watu wakajaa, maana habari za Jini zilikwisha kufika Mikindani na kurudi. Mkubwa wetu akaeleza kwa Kiswahili cha ofisini, akainua cheti changu juu ili wote waone muhuri. Watu walikitazama tu.

Aliyesimama kujibu ni mwanamke anayepikia wapakiaji pale getini, mtu wa Kaloleni, mama wa watoto wanaovuka njia ile kila asubuhi. Tulisoma naye.

"Bwana mkubwa, karatasi ni yenu na muhuri ni wenu," alisema. "Sisi kwetu mtu hakupi kata ya tembo la mnazi, wala hata ya maji, kabla hajaonja yeye mwenyewe mbele ya macho yako. Akishaonja, akakaa mzima, ndipo nawe unakunywa. Sasa huyu binti ndiye aliyetuletea kata. Na aonje."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Mkubwa hakuelewa, akanitazama. Mimi nilielewa. Nilikulia katika nyumba ambayo mgeni hapokei kikombe mpaka mwenyeji amekigusa kwa midomo. Na kusema kweli nilifurahi kuitwa, kwa sababu nina kiburi.

Tukaenda wote hadi barabarani. Nilipochukua nafasi yangu katikati ya njia, yule mama akapaza sauti tena.

"Vua hilo koti linalong'aa. Sisi hatuna la hivyo."

Kicheko kikapita. Nikavua koti la kazini, nikabaki na blauzi na sketi ya kitenge. Niliona jinsi walivyokuwa makini, na nikawaheshimu. Lori likatoka geti la juu na kontena mgongoni. Jinsi linavyotisha ukiwa mbele yake sikuwahi kuambiwa na mtu, na karatasini hapakuwa na nafasi ya kuliandika. Halina uso wa dereva wa kuusoma. Dereva hata akiwa mwehu utamwona macho, utajua kama amekuona. Hili lilikuja tu. Nilihesabu minazi ya ukutani nisilitazame. Kisha breki zikapiga kelele na lori likasimama, umbali wa urefu wa kitanda.

Vigelegele vilianza kwa mama yangu. Nilimjua kwa sauti kabla sijageuka. Watu walinishika mikono, wakanipiga mgongoni, na yule mama wa Kaloleni akasema mbele ya chifu, "Basi. Ameonja." Baraza likaisha hapo.

Wiki zilizofuata nilitembea kifua mbele. Niliona watu wakivuka pale bila kugeuza shingo. Wanafunzi walikatiza wakicheza, na lori likawasimamia. Wavuta mikokoteni walipita wakiimba. Mtu akiuliza, aliambiwa: binti wa fulani alisimama, tukamwona kwa macho yetu. Hakuna aliyekumbuka cheti. Waliniamini mimi, na hilo lilinilevya.

Jumamosi moja mwishoni mwa kaskazi nilikwenda kumjulia hali mama. Sikumkuta nyumbani. Jirani akanielekeza kanisani, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Uwani kwa kanisa palikuwa na lundo la makuti mabichi lililonifika kifuani. Kwingine watu hubeba kijitawi cha kushika kwa vidole viwili. Kwetu hubebwa kuti zima, limekatwa asubuhi, bado linatoa maji, na akina mama husuka ncha zake misalaba na nyota. Watoto hawabebi, huvaa: hujifunga makuti kiunoni na shingoni mpaka mtoto anakuwa kichaka kinachotembea. Huanzia uwanja wa shule, ng'ambo ya njia ya malori, na huvuka kwa nyimbo hadi kanisani. Nilivaa hivyo nikiwa na miaka sita. Nakumbuka harufu yake na jinsi majani yalivyowasha shingo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo ushike hapa, nisuke."

Nikashika. Alikuwa ameinamia kuti lake la mwaka huu, refu kumshinda. Alipomaliza alilisimamisha mbele yake kwa mikono miwili ili alione, akauliza, "Limekaaje?"

Sikumwona mama. Niliona kuti, na chini yake vidole vya miguu na malapa ya bluu.

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Nilitazama watoto waliokuwa wakijaribu mavazi yao, nikatazama lundo.

"Mama," nikasema, "kesho mtavuka saa ngapi?"

"Saa mbili, kama siku zote."

"Na bendera nyekundu ya kuzuia malori? Nani atasimama na bendera?"

"Ah, bendera!" Alikuwa ameanza kusuka la mtu mwingine. "Mzee wa kanisa amesema mwaka huu ya nini? Magari ya watu vijana watayazuia. Lile lenu linajizuia lenyewe. Si ulisimama tukakuona?"

Hapo ndipo ningesema. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, na kila mara nafika hapo hapo. Palikuwa na akina mama ishirini wakinisikiliza, sentensi moja ingetosha: msivuke, sijui kama litawaona. Sikuisema. Niliona haya. Nilijiambia labda najitisha bure, nitampigia fundi, tutalirekebisha kabla ya jioni, na hakuna atakayejua kwamba Bi Hapana alisahau swali la mtoto wa darasa la pili.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza. "Una nini?"

"Kichwa tu, mama. Jua."

Akaniletea maji, akayaonja kwanza kwa mazoea, akanipa. Nikayanywa.

Nilimpigia fundi nikiwa nje ya ukuta wa kanisa.

"Mtu aliyefunikwa majani," nilimwambia. "Toka kichwani hadi magotini. Lori litamwona mtu au litaona majani?"

Nilisikia akifunua daftari lake.

"Madam, hiyo hatujawahi jaribu."

"Najua hatujajaribu. Nakuuliza litaona nini."

"Sijui. Kusema ukweli sijui. Na naogopa kukudanganya."

Nikampigia mkubwa. Aliniambia kuna meli imefunga gati jana yake, yadi imejaa pomoni, lori halitasimama Jumapili kwa sababu ya sikukuu ya watu. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema sina, nina wasiwasi. Akasema wasiwasi niuandike kwa barua, Jumatatu. Kisha akaniuliza swali lililonikata maini, kwa upole kabisa: "Kwani cheti alitia sahihi nani?"

Sikulala vizuri, lakini usiku ule sitausimulia, ulikuwa usiku wa mtu mwoga. Alfajiri nilijua jambo moja: kitufe chekundu kila mkaguzi ana haki ya kukibonyeza, wala mkubwa hawezi kuniuliza. Nilitoka Mishomoroni mapema, nikadhani nina muda wa kutosha. Darajani Nyali lori la mchanga lilikuwa limelala ubavu. Nilishuka kwenye matatu nikavuka daraja kwa miguu, mbio, na viatu vya kanisani mkononi, nikapanda bodaboda upande wa pili. Nilifika getini saa mbili kasorobo nikiwa nahema. Kutoka upande wa shule ngoma ilikwisha kuanza.

Nikabonyeza kitufe. Lori lilikuwa linakaribia geti la juu likiwa na kontena. Likakoroma, likasimama.

Msimamizi wa zamu alitoka ofisini mbio. Ni mtu mzima, tunaheshimiana, ila siku hiyo alikuwa na meli nzima kichwani.

"Bibie, kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna. Lizime lote. Watu wanakuja na makuti."

"Na wao wakija litasimama. Si ndiyo kazi yake? Si wewe uliyetuambia?"

"Nilijaribu kwa mtu asiye na kitu mkononi. Watakuja wamejifunika."

"Una hakika halitawaona?"

"Sina hakika kwamba litawaona."

"Basi huna kitu." Akatoa funguo yake ya kufungulia kitufe. "Mimi siwezi kusimamisha kazi kwa neno 'sina hakika.' Nitajibu nini juu?"

Fundi alikuwa amefika, daftari kwapani, uso umemwiva. Alikwenda stoo, akarudi amembeba Shemeji begani, akamsimamisha katikati ya barabara. Nikaelewa. Nikakimbilia ukutani, nikaburura makuti yaliyoanguka usiku, tukaanza kumfunga. Kamba ilinikatalia. Fundi alifunga kiunoni, mimi nikafunga shingoni, kisha tukamkumbatisha kuti zima mbele ya kifua. Walinzi wakafunga njia pande zote mbili. Wimbo ulikuwa unakaribia, niliweza kutambua sauti ya mama ikianzisha na wengine wakipokea. Walikuwa bado nyuma ya kona.

"Haya," nikamwambia msimamizi. "Lifungulie. Likisimama, nitaomba radhi mbele yako na kazi nitaiacha leo."

Akafungua. Lori likaondoka.

Nilisimama na kidole juu ya kitufe, nikijikataza kukibonyeza. Nilitaka lisimame. Naomba nieleweke hapa: nilimwomba Mungu nionekane mjinga. Lilipita geti. Lilipita alama ya kwanza tuliyochora chini, ambapo siku zote huanza kupunguza mwendo. Halikupunguza. Msimamizi akasema "Ee," kwa sauti ndogo. Lilipita alama ya pili.

Shemeji hakutoa sauti. Makuti ndiyo yaliyotoa, mlio mkavu wa kuvunjika, kisha kitu kikagonga lami. Nilibonyeza. Lori lilisimama likiwa juu yake, na kichwa cha sanamu kikabingirika kuelekea mtaroni, kuti moja bado limefungwa shingoni.

Nilipoinua macho, maandamano yalikuwa yametokea konani.

Walikuwa wameona. Wimbo ulikatika katikati ya neno, na ngoma ikapiga mara mbili zaidi kabla mpigaji hajatambua yuko peke yake. Mbele walikuwa watoto, vichaka vidogo vidogo, na mtoto mmoja akaanza kulia akidhani ni mtu wa kweli. Yule mama wa Kaloleni alimvuta mwanawe kwa nguvu mpaka makuti yakamtoka mabegani. Mama yangu alishusha kuti lake, akalikabidhi kwa aliyekuwa nyuma yake, akaja polepole hadi pale tuliposimama. Alitazama chini ya lori kwa muda.

Msimamizi wa zamu alikuwa mtu mwema. Nadhani alitaka tu kusaidia.

"Mama, samahani sana," alisema. "Waambie watu waweke makuti chini kidogo. Wavuke mikono mitupu, gari litawaona. Wakifika ng'ambo watayachukua."

Mama hakumgeukia. Aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo watu wa kazini hawalijui.

"Abee, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua jana. Pale ulipolisimamisha kuti."

"Nikakuuliza una nini."

"Ndiyo, mama."

"Na ile karatasi yenye muhuri. Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba linasimama mbele ya mtu."

Alielekeza kidevu kwa watoto, kwa akina mama, kwa mzee wa kanisa mwenye kuti refu kama mlingoti, kwa wote waliokuwa wamesimama barabarani wakitusikiliza.

"Mtu gani?"

Nilimtazama tu, machozi yakanitoka mbele ya wapakiaji, mbele ya walinzi ninaowafokea kila siku. Nilitaka anipige kofi. Ningeshukuru.

Hakunipiga. Alinipita akaenda kwa fundi, mtu wa bara ambaye hakuwahi kusemeshana naye hata siku moja.

"Mwanangu," akamwambia, "limezimwa?"

"Limesimama, mama, lakini bado liko na stima."

"Lizime."

Fundi akaenda ubavuni, akageuza swichi kuu, akachomoa funguo. Kile kidude cha juu kikazunguka polepole, kikasimama. Akarudi na funguo kiganjani.

"Nimelizima, mama."

"Linaweza kuwaka bila hiyo?"

"Haliwezi."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua. Akaifunga kwenye ncha ya leso yake, mafundo mawili, akayavuta kwa meno kuhakikisha yamekaza. Kisha mama akarudi mbele ya watu wake, akachukua kuti, akaanzisha wimbo pale pale ulipokatikia.

Walivuka. Walipita pembeni ya lori, makuti yakisugua mbavu zake, watoto wakishikwa mikono na watu wazima. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo kila mtu lazima apite. Kila aliyefika kwangu aligeuza shingo kulia, akageuza kushoto, akamtazama fundi, si mimi, ndipo akaweka mguu.